Mnyasa Aliyekuja Kutazama

Nilipoondoka kwetu Unyasa kwenda Korogwe kusomea ualimu, mama yangu hakuniusia nisome kwa bidii. Alijua nitasoma, maana kazi ya mikono nilikuwa siiwezi. Aliniusia nitazame.

"Mwanangu," alisema, "watu wakienda nchi za mbali hurudi na masanduku, lakini ukiwauliza huko kukoje wanasema ni kama hapa tu. Wewe katazame."

Enzi hizo za Mwingereza, kutoka ziwani kwetu mpaka Korogwe ilikuwa safari ya kumzeesha kijana. Nilipanda meli ya ziwani, nikapanda malori juu ya magunia, nikapanda treni mpaka pwani, nikapanda meli tena mpaka Tanga, na treni tena. Nilipoteremka stesheni ya Korogwe miguu ilikuwa bado inayumba kama niko melini. Papo hapo niliapa kwamba sitarudi nyumbani likizo hata moja mpaka nimalize masomo.

Kanisa letu ndilo lililonipeleka. Kabla sijaondoka, padri mmoja mzee aliyewahi kukaa Tanganyika alinifundisha Kiswahili, na kwa kuwa hakuwa na kitabu kingine, alinifundisha kwa kitabu cha sala. Basi nilifika Korogwe nikiwa najua kusihi, kutubu, kushukuru na kulaani, lakini sijui kuuliza choo kiko wapi. Siku ya kwanza nilikwenda sokoni, nikasimama mbele ya mama mmoja muuza ndizi, nikakutanisha viganja kifuani.

"Ewe mama uliyebarikiwa," nikamwambia, "nakusihi unijalie ndizi."

Mama yule alinitazama, akamgeukia mwenzake wa nyanya. "Huyu kijana ana homa," akasema. Akanipa ndizi mbili, akakataa malipo, akaniambia niende nikalale.

Chuoni kitanda changu kilikuwa karibu na cha Mzigua mmoja wa Chanika, Handeni. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, ambaye alianza kucheka kabla hujamaliza kusema. Chuo kilikuwa cha misheni, lakini kilipokea vijana wa dini zote, na yeye alikuwa Mwislamu. Wakati sisi tunaimba kanisani asubuhi, yeye alikuwa anafagia uwanja, na alisema kwa kubadilishana hivyo hajawahi kupata hasara. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu kwa muda wote niliokaa nchi ile. Alinisahihisha Kiswahili changu, ila si chote. Sehemu nyingine aliziacha makusudi, kwa sababu zilimfurahisha.

Kitu cha kwanza nilichotaka kutazama kilikuwa mkonge. Nilikuwa nimeuona kutoka dirishani mwa treni, mistari na mistari mpaka kwenye miguu ya milima, kama askari waliosahauliwa na ofisa wao. Tulipopata mapumziko mafupi niliamka alfajiri, nikavaa kaptura yangu iliyopigwa pasi na shati jeupe, nikatembea peke yangu upande wa Kwamndolwa mpaka nikafika kwenye shamba moja kubwa. Mbele ya kambi wanaume walikuwa wamepanga mstari. Kwetu penye mstari huwa pana kitu kizuri kinagawiwa, kwa hiyo na mimi nikapanga.

Mwisho wa mstari alisimama nyapara, mtu mnene mwenye kofia ya pama. Zamu yangu ilipofika akanikagua toka chini mpaka juu.

"Wewe umetoka wapi?"

"Unyasa."

Uso ukamng'ara. "Mnyasa! Wanyasa wanafanya kazi. Shika kisu hiki."

"Ewe bwana," nikasema, "sikuja kufanya kazi. Nimekuja kutazama."

"Vizuri. Utatazama huku unakata."

"Nakusihi unirehemu! Mimi ni mwanafunzi, sistahili!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nyapara alicheka pia, kisha akakunja uso. "Kila Jumatatu napata mmoja wa namna hii," akasema. "Hapa si kanisani. Twende!"

Sikujua namna ya kukataa. Maneno yote ya kukataa niliyoyajua yalikuwa ya kumkataa Shetani, na nilihofia kuyatumia kwa mtu mwenye fimbo. Nikaingia shambani na kisu changu na shati langu jeupe. Jani la mkonge lina mwiba nchani unaopenda macho ya watu, na maji yake yanawasha kuliko upupu. Baada ya muda mfupi nilikuwa najikuna kwa kisu.

Mwanamume aliyekuwa anakata mstari wa jirani alinisikia nikilalamika kwa Kinyanja. Akasimama wima.

"Wewe ni wa wapi huko?" akaniuliza kwa Kinyanja hichohicho.

Nikamtajia kijiji. Ajabu, alikijua, mke wake wa kwanza alitoka kijiji cha pili yake. Nilikuwa sijaisikia lugha ya mama yangu tangu ziwani, na machozi yakanitoka, ingawa nusu yalikuwa ya utomvu wa mkonge. Nikamweleza kwamba mimi ni mwanafunzi wa ualimu na nilikuja kutazama tu. Alicheka mpaka akakaa chini, akainuka haraka maana alikalia mwiba. Kisha akanionyesha namna ya kulishika jani, akakata mafungu yake na mengi ya kwangu. Mchana akanipeleka kiwandani kuitazama korona, ile mashine inayosaga majani. Majani mabichi yanaingia upande huu, upande wa pili zinatoka singa nyeupe kama nywele za kikongwe, na katikati pana kelele ambazo sikuwa nimesikia mfano wake. Nilitazama mpaka nikaridhika.

Nilipomrudishia nyapara kisu chake, alinipiga begani. "Unakata polepole," akasema, "lakini unaomba vizuri. Kesho wahi."

Nilirudi chuoni shati limekuwa la kijani. Mwalimu mkuu wetu, Mwingereza mrefu mpole, alikuwa amesimama kwenye baraza ya nyumba yake.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Kutazama mkonge, bwana."

"Umeuonaje?"

"Unawasha, bwana."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejifunza jambo, akaingia ndani.

Mwenzangu yule Mzigua alipopata habari hizi alisema nimeanza vibaya kwa kuwa sikuwa na mwenyeji. Likizo ndefu ilipofika akanichukua kwao. Tulipanda lori la mahindi, tukala vumbi njia nzima, tukafika Chanika jioni tukiwa rangi moja, hata bibi yake aliyetulea alishindwa kujua mjukuu wake ni yupi.

Nasema alitulea kwa sababu ndivyo alivyofanya. Wazazi wa mwenzangu walikuwa wamefariki, na bibi huyu, mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha, ndiye aliyeendesha nyumba. Niliposema "Shikamoo, bibi," aliitikia, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayenunua mbuzi.

"Huyu ndiye Mnyasa?"

"Ndiye, bibi."

"Mbona kama watu?"

Siku iliyofuata niliamka nikitegemea kutembezwa, lakini kabla sijanawa uso majirani walikuwa wamejaa uani. Bibi alikuwa amepeleka habari. Waliketi kwenye mikeka, wengine wamekuja na watoto na kazi zao za mikono, wakanitazama nikinywa uji. Nilipomeza, mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nilipokohoa, wakasikitika wote pamoja. Nikaulizwa kwetu tunalima nini, tunazikaje, tunaoaje. Kisha mzee mmoja akauliza kama tuna maji.

Handeni maji ni shida. Wanawake huamka usiku kuyafuata, na mtu akinawa mikono mara mbili watu wanamtazama. Mimi sikujua. Nikawaeleza habari za ziwa letu. Nikasema ni maji matupu mpaka jicho linapokomea, huoni ng'ambo; lina mawimbi, meli kubwa inapita, na maji yenyewe ni matamu, unachota na kunywa.

Yule mzee akakohoa.

"Maji matamu," akasema, "na huoni ng'ambo."

"Ndiyo, mzee."

"Na hamyamalizi?"

"Hayamaliziki, mzee."

Wakatazamana. Kisha mzee akanyoosha mkono akanipa kongole. "Nimeishi na waongo wengi," akasema, "lakini huyu amesoma."

Tangu siku hiyo kila jioni walikuja watu wapya kusikiliza uongo wa Mnyasa. Niliapa, sikuaminiwa. Mwenzangu ambaye angeweza kunitetea, kwa kuwa alikuwa ameiona ramani darasani, aliketi nyuma akicheka. "Waelezee zile mvua za samaki," alikuwa akisema, ingawa sikuwahi kumwambia neno lolote juu ya mvua za samaki.

Nilipoona kwamba nimekuja kutazama na sasa natazamwa, nilitoroka asubuhi moja nikaenda peke yangu kuliangalia boma la Wajerumani. Lilikuwa jengo la mawe, zito, lenye kuta nene, na wakati huo ndimo alimokaa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Askari wa mlangoni alinizuia.

"Una kesi?"

"Sina."

"Umeleta kodi?"

"La, bwana askari. Nimekuja kutazama boma."

Alifikiri kwanza. "Boma halitazamwi," akasema. "Mtu haji bomani bila shida. Wewe shida yako unaificha. Kaa hapo kwenye benchi mpaka uikumbuke."

Nikakaa. Watu waliingia na kesi zao za mbuzi na mipaka ya mashamba, wakatoka, mimi niko pale pale, na kusema kweli nililitazama boma vizuri kuliko nilivyotegemea, kila jiwe lake. Adhuhuri bibi mwenyewe akaja. Alikuwa amesikia njiani kwamba Mnyasa wake amekamatwa. Hakumsalimia askari.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Umempa maji?"

"Bibi, huyu hajasema shida yake."

"Shida yake ni njaa. Umpe chakula au umwachie."

Askari, ambaye nadhani alikuwa ametahiriwa pamoja na mmoja wa watoto wa bibi, akaniachia.

Kutoka hapo bibi akaamua kwamba kama ni kutazama, basi nipelekwe kwa kaka yake huko Kwaluguru, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kitu cha kutazama. Mzee yule alifuga kuku. Nimeona kuku wengi maishani, lakini si kama wale. Walikuwa juu ya paa, chini ya vitanda, ndani ya vyungu, juu ya mapaja ya mzee mwenyewe, na aliweza kukueleza ukoo wa kila mmoja, nani kamzaa nani na kwa mtetea gani. Alitutembeza siku nzima. Kila alipomwinua jogoo mmoja na kutuonyesha mapaja yake, mate yalinijaa, kwa kuwa tangu nifike Handeni nilikuwa nakula bada, ule ugali wao wa muhogo, na mlenda, na mlenda nilikuwa bado sijajua kuushika. Ulikuwa unanitoroka kutoka kwenye tonge na kuteremka mpaka kwenye kiwiko.

Jioni tukanawishwa mikono, sinia likaletwa. Bada na mlenda.

"Hachinji," mwenzangu alininong'oneza. "Hata Idi hachinji. Anakwenda kula kwa watu."

Mzee akanikaribisha kwa moyo wote. Jogoo mwekundu alisimama begani kwake akitutazama tukila.

Likizo ile haikuwa imekwisha mzee alipofariki. Aliamka vizuri, akawafungulia kuku wake, akakaa kwenye kigoda kuwatazama, hakuinuka tena. Habari zilifika Chanika alasiri. Bibi hakupiga kelele. Alijifunga kanga kiunoni akatoka mbele, sisi nyuma, na njia yote hadi Kwaluguru hakusema neno. Mimi nilikuwa nimezoea sauti yake ya kuamrisha, na ule ukimya wake uliniogopesha kuliko msiba wenyewe.

Asubuhi wanawake wakabaki nyumbani, sisi wanaume tukalibeba jeneza hadi makaburini. Kaburi lilikuwa tayari. Jeneza likawekwa chini, watu wakainamisha vichwa. Ndipo mtu mmoja mfupi, mwenye ndevu za mvi, aliyevaa kanzu iliyogeuzwa nje ndani, akapita katikati ya watu, akarukia kaburini, akajinyoosha chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Hili kaburi langu! Mzigua huyu maisha yake yote amelala na kuku, leo mnampa chumba kizuri namna hii? Atapotea humu!"

Nikamtazama mwenzangu. Ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Nikawatazama wazee, wamesimama tu, hakuna anayesogea. Nikasema moyoni, watu hawa wamepigwa na huzuni mpaka hawana nguvu ya kumtoa mwendawazimu. Nikamkumbuka bibi na ule ukimya wake, hasira ikanipanda. Nikavua viatu, nikateremka kaburini.

"Ewe mtu mwovu!" nikamwambia. "Ondoka mahali hapa!"

Nikamshika kwapani. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Nikamwinua juu, miguu yake inapiga hewa, nikamweka kwenye udongo uliochimbwa. Alikaa pale macho yamemtoka, udongo kwenye ndevu.

"Jamani," akawauliza watu, "huyu ni nani anayenifufua kabla ya siku yangu?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, wala sikujua kwamba makaburini watu wanaweza kucheka hivyo. Mwalimu wa madrasa mwenyewe, aliyekuja kusoma dua, alijifunika uso kwa kitambaa. Mwenzangu akaja ukingoni, akanipa mkono kunitoa, machozi yanamtiririka.

"Mnyasa," akasema, "huyo ni mtani."

"Mtani ni nini?"

"Mnyamwezi huyo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Alikuja kukata mkonge, akaoa hapa hapa. Kwenye msiba wetu mtani anafanya analotaka, na wewe umemkamata kazini."

Nilitamani wanifukie mle mle. Yule Mnyamwezi alikuwa amekwisha simama, anajipangusa kwa madaha ya mtu mwenye mamlaka.

"Hatuziki," akatangaza. "Nimeshikwa makwapa na mgeni nikiwa kazini. Huyu ni kabila gani?"

"Mnyasa," watu wakaitikia.

"Mnyasa ni mtani wa nani hapa?"

"Hana utani na mtu."

"Basi anao kuanzia leo. Mtu aliyeingia kaburi la Mzigua akatoka mzima, huyo ni mtani. Na mtani hanyamazi. Mnyasa, mwambie marehemu neno lake, ndipo tuzike."

Watu wote wakanigeukia. Sikuwa na maneno ya matusi kwa Kiswahili, padri hakunifundisha. Nilikuwa na Kiswahili kimoja tu. Nikasogea karibu na jeneza, nikakutanisha viganja kifuani, nikainua sauti ile ya kanisani.

"Ewe mzee wetu mpendwa," nikasema, "umeiacha dunia hii, na kuku wako wote wako hai. Hakuna hata mmoja uliyemruhusu akutangulie. Nilikuja nyumbani kwako nina njaa, ukanionyesha mapaja yao, ukanipa mlenda. Tunakusihi, huko uendako, utuwie radhi. Maana jioni hii tutawaleta nyuma yako, mmoja baada ya mwingine, wala jogoo mwekundu hatasalia."

Nilimaliza kwa "Amina," kwa mazoea. Safari hii Mnyamwezi ndiye aliyeanguka mwenyewe, bila kushikwa. Mzee mmoja alimwegemea mwenzake akisema, "Wala jogoo mwekundu!" na kurudia, "Wala jogoo mwekundu!" Kisha vicheko vikatulia vyenyewe, mwalimu wa madrasa akafuta macho, na tukamzika mzee wetu kwa heshima yote inayostahili. Mnyamwezi ndiye aliyefukia kwa bidii kuliko wote, na nikamwona analia kwelikweli, maana walikuwa marafiki wa miaka mingi.

Tuliporudi nyumbani habari zilikuwa zimetutangulia. Bibi alikuwa amekaa na wanawake wenzake, kichwa kimefunikwa. Nilipiga magoti mbele yake nimwombe radhi.

"Ulimshika makwapa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe, sikujua."

"Akapiga mateke?"

"Alipiga, bibi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, akalia, akacheka tena, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Wanawake wengine nao wakacheka na kulia pamoja naye. Baadaye aliinuka, akatoka nje, akaanza kuamrisha watu: kuni ziko wapi, maji nani anachota, nani anakamata kuku. Sauti ilikuwa imerudi. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu nifike Handeni, nilikula kuku, na Mnyamwezi alihakikisha napata paja.

Baada ya hapo nikawa na kazi. Wazigua wa huko hawakukubali kwamba utani ule ulikuwa wa siku moja. Kila palipotokea msiba mkubwa mtu aliteremka na lori hadi Korogwe kuomba Mnyasa apewe ruhusa. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akaniita ofisini.

"Mimi sielewi," akasema kwa upole. "Wewe umetoka Unyasa. Ndugu zako hawa wa Handeni wanaofariki ni wa upande gani?"

Nikajaribu kumweleza utani. Nilipofika mahali pa kuingia kaburini aliinua mkono nisiendelee. Ruhusa akanipa.

Mwaka wangu wa mwisho bibi alituma habari kwamba sasa ni zamu yake. Anakuja Korogwe kutazama. Alikuwa hajawahi kutoka Handeni. Aliteremka kwenye lori akiwa amevaa kanga mpya, ana kibuyu mkononi, na kabla hatujampeleka akapumzike akauliza, "Kiko wapi?"

"Nini, bibi?"

"Chochote."

Tukampeleka stesheni. Treni ya Tanga ikaingia na moshi wake na mlio wake. Watoto wa kule kwao wangekimbia. Bibi alisimama tu, amejishika kiuno. Aliwatazama watu wanavyopanda, akatazama treni inavyoondoka, akatazama njia ilivyobaki tupu.

"Wote wale wanakwenda Tanga?"

"Ndiyo, bibi."

"Kuna msiba gani?"

"Hakuna msiba. Kila mtu ana shughuli yake."

Akasikitika. "Na hawajuani," akasema.

Kutoka hapo tukaenda darajani, kwenye mto Pangani. Hapo ndipo maswali yake yalipotushinda. Ilikuwa baada ya mvua, mto umejaa, maji mekundu yanapita kwa nguvu chini ya miguu yetu. Bibi alikishika chuma cha daraja, akainama kuyatazama.

"Yanakwenda wapi haya?" akauliza.

"Baharini, bibi," mwenzangu akamjibu.

"Baharini hakuna maji?"

"Yapo. Mengi sana."

"Sasa kwa nini yanaachwa yaende?"

Na sisi ndio tuliokuwa karibu kuwa walimu. Akateremka ukingoni, akajaza kibuyu chake, akapanda nacho, na hakukubali tumsaidie kukibeba.

Tukampitisha chuoni aone tunapolala. Mwalimu mkuu alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba yake, anapalilia. Bibi akasimama.

"Mzungu yule anapalilia nini?"

"Maua, bibi."

"Ya dawa?"

"Hapana. Ya kutazama."

"Akishayatazama?"

"Basi."

Mwalimu mkuu akatuona, akainuka na kupangusa mikono. Alikuwa amejifunza adabu za nchi vizuri. "Shikamoo, bibi," akasema.

Bibi alishtuka, kisha akafurahi waziwazi. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mkeo hajambo?"

"Sina mke, bibi."

Bibi akatugeukia. "Ndiyo maana anapanda maua," akasema.

Mwalimu mkuu aligeuka rangi ya udongo mwekundu wa Handeni, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Akamkaribisha barazani, akamwekea kiti, akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tulisimama pembeni tukiwa hatuamini macho yetu. Bibi akamuuliza wazazi wake wako hai, ana ndugu wangapi, kwa nini walimwacha aende mbali namna hii bila mke. Yeye akajibu kila swali kwa utulivu, kama mwanafunzi. Akamwambia mama yake yu hai, amezeeka, na hajamwona kwa miaka mingi. Bibi akaweka kikombe chini.

"Nenda kamwone," akamwambia. "Hawa vijana watafundishana wenyewe."

Mwalimu mkuu alimmiminia chai nyingine.

Asubuhi tulimsindikiza kwenye lori. Utingo alitaka akae juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Bibi akamuuliza kama mama yake naye humkalisha juu ya magunia, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi kando ya dereva na kibuyu chake cha maji ya mto Pangani mapajani. Dereva alimsogezea nafasi, maana aliona mambo yatakavyokuwa hadi Handeni. Lori lilipoanza kuondoka bibi alitoa kichwa dirishani.

"Mnyasa!" akaita. "Ukimaliza kusoma usiondoke bila kuaga! Na umwambie yule Mzungu yapo mabinti Chanika!"

Vumbi likatufunika. Mwenzangu akaniuliza kama nitamfikishia mwalimu mkuu ujumbe, nikamwambia afikishe yeye, bibi ni wake. Tulibishana njia nzima, tukafika darasani tumechelewa, na kipindi kilikuwa cha hesabu.